Kilomita kumi za mwisho: gari la kundi la watembea milima wa Moshi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Tuko sita hapa Moshi, tunatembea milimani mara moja au mbili kwa mwezi. Tumeshakwenda Longido, Marangu, Shengena na Lushoto. Mwaka huu tunataka Meru, Hanang na Lengai. Tumechoka kukodi gari kila safari, tumechanga milioni 25. Mmoja wetu anataka Prado, mwingine Noah, mwingine anasema Escudo inatosha. Wawili wetu wana IST tayari. Tununue lipi, na tulifunge vitu gani?" Dada wa Soweto, Moshi.

Marahaba dada. Nianze na jibu, maana najua mabishano yenu yameshakuwa marefu: nunueni Noah old model ya fowili, yaani inayosukuma magurudumu yote manne, iliyotunzwa vizuri, na safari ya Lengai iacheni ibaki ya Land Cruiser ya kukodi. Ila msiende yadi kesho. Kwanza kaeni chini na karatasi, andikeni safari zenu zote za mwaka, na mbele ya kila moja andikeni kilomita kumi za mwisho zikoje. Gari la mtembea mlima huchaguliwa na hizo kumi. Hizo mia na hamsini za lami kabla yake hata IST inazimaliza.

Mkifanya hivyo mtaona kitu. Marangu ni lami mpaka getini, Machame vilevile. Longido mnatoka Arusha kwa barabara ya Namanga, lami yote, na mlima unaanzia pale pale mjini Longido. Hanang mnaipandia Katesh, na Katesh iko juu ya lami ya Babati na Singida. Lushoto ni lami kutoka Mombo. Ugumu unaanza mkitaka kusogea mpaka Mtae. Meru, ukishaingia Hifadhi ya Arusha, ni changarawe hadi Momella, na kiangazi gari lolote lenye tumbo la juu kidogo linafika. Shengena ndiyo ya kwanza yenye swali la kweli, kwa sababu kupanda hadi kijiji cha Chome kutoka Same ni udongo, mawe na kona kali, na mvua ikinyesha mteremko unateleza kama sabuni. Ya mwisho ni Lengai. Kutoka Mto wa Mbu hadi Ngare Sero, chini ya mlima, ni zaidi ya kilomita mia za vumbi la majivu ya volkano, makorongo, mchanga, na mawimbi madogo ya barabara yanayolitikisa gari mpaka meno yanagongana.

Kwa hiyo katika orodha yenu ya safari saba, moja tu inadai gari la porini hasa, na moja inalidai wakati wa masika. Kununua gari kwa ajili ya hiyo moja, halafu kulilisha mafuta mwaka mzima kwenye lami, ni hesabu inayopendeza kijiweni tu.

Escudo nimeitoa kwa sababu moja: ina viti vitano, nanyi ni sita. Ingekuwa mko wanne ningesema chukueni hiyo bila kusita, ile ya miaka ya 1997 hadi 2005, kwa sababu ina chesisi kamili chini ya bodi na ina fowili nzito, ile gia ya kupanda polepole kwa nguvu, kitu ambacho RAV4 za umri huo hazina. Prado ya viti vinane ndiyo gari zuri kuliko yote matatu, sibishani na huyo mwenzenu. Tatizo ni kwamba bajeti ikibana mtapata Prado iliyochoka, na Prado iliyochoka ni mkopo wa pili. Bushi za mbele, boljoint, shokapu, difu linalolia, kila kimoja kina bei ya Prado. Noah fundi yeyote wa Moshi anaijua kwa macho yamefumbwa, na spea zake hukosi.

Ninaposema old model nina maana ile SR50, injini ya 3S ya petroli, siyo SR40 ambayo inasukuma kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Noah zilizokuja baada ya 2001, za AZR, zina nafasi zaidi na zinatulia barabarani, lakini nyingi zina injini ya D4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Pampu hiyo na nozeli zake hazipendi uchafu wala maji kwenye mafuta, na siku moja mtajaza kwenye dumu huko mbali. Kwa kazi yenu, injini ya kizamani ni rafiki.

Sasa uzito, ambao ndio kiini cha jambo lote na ndio watu hawaupigii hesabu. Gari lililotoka Japani huja na cheti cha kusafirishia nje. Humo kuna namba mbili: uzito wa gari tupu, na uzito wote likiwa limejaa. Toa moja kwa nyingine. Kwa gari la viti vinane mtapata kilo 440, kwa sababu Japani huhesabu kila abiria kilo 55. Hata Prado ya viti vinane huandikwa hivyo hivyo; Escudo ya viti vitano inapata 275. Sasa nyinyi: watu sita wa wastani wa kilo 75 ni 450. Mabegi sita ya kilo 14 ni 84. Maji lita 30 ni kilo 30. Jeki, chepe, mbao, zana na spea, weka 25. Jumla 589. Mmezidi kwa kilo 149 kabla hamjaweka sufuria na mkungu wa ndizi alionunua mtu njiani.

Gari halitakatika katikati, hilo tunalijua. Noah zimebeba watu kumi na mbili hapa kwetu miaka mingi. Kinachotokea ni hiki: springi za nyuma zinakaa chini, tumbo ambalo tayari liko karibu na ardhi linashuka sentimita kadhaa zaidi, taa za mbele zinaangalia miti, breki zinahitaji nafasi ndefu zaidi, na tairi za nyuma zinapata joto. Dawa yake ina sehemu tatu. Badilisheni springi na shokapu za nyuma ziwe mpya, zote mbili kwa pamoja. Pimeni mabegi kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia gunia, kabla hayajapakiwa. Mtashangaa nani anabeba nini. Na msitoke Moshi na maji ya siku tatu: jazeni madumu mji wa mwisho, Katesh, Same au Usa River.

Keria ya juu wekeni, lakini iwe ya mahema, magodoro na makoti. Kilo 50 zitoshe. Maji na zana vikae chini, sakafuni, nyuma ya kiti cha kati, siyo nyuma kabisa mlangoni. Gari refu lenye madumu ya maji kichwani ndilo linalolala kwenye kona za Lushoto.

Tairi. Hapa naomba msibane pesa. Noah nyingi zinavaa 195/70R14, na ubavuni utaona namba 91 ikifuatwa na herufi. Hiyo 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615 ikiwa na upepo kamili. Inatosha, ila kwa shida, na ubavu wake ni mwembamba mbele ya jiwe la Chome. Bora ni 195R14C, hiyo C ikiwa na maana ya tairi ya mzigo, namba yake kwa kawaida 106, kilo 950. Kipenyo chake ni kikubwa kidogo, kwa hiyo gari linainuka kama sentimita mbili, zawadi ya bure. Kabla hamjalipa, mwambieni fundi afunge mbili za mbele, akate usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, aangalie kama hazigusi madigadi. Na kumbukeni kwamba kipima mwendo sasa kitasema 80 wakati mnakwenda 84 au 85. Trafiki wa Boma Ng'ombe hatakubali hiyo kama sababu.

Zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawa. Hili kwenye gari la fowili la muda wote si urembo. Tairi moja ikiwa mpya na nyingine imekwisha, magurudumu yanazunguka kwa idadi tofauti kila kilomita, na tofauti hiyo inamalizwa na kile kiungo cha katikati kinachogawa nguvu. Kinachemka, kinakufa, na watu wanasema fowili ya Noah ni mbovu. Tafuteni pia tarakimu nne ndani ya kiduara mwishoni mwa maandishi ya DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini ya miaka tisa imekauka, na mpira mkavu hupasuka ubavuni, mahali ambapo fundi pancha hawezi kuziba.

Upepo pimeni asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kwa hizo za C, likiwa limejaa na lami tupu, PSI 36 mbele na 42 nyuma. Mkifika changarawe mbovu shusheni hadi 30 na 34. Tairi italifunika jiwe badala ya kugongana nalo, na mwendo usizidi 50. Kwenye mchanga 22, na hapo mwendo ni wa baiskeli. Msishuke chini ya 18, kwa sababu kwenye kona tairi inaweza kutoka kwenye rimu. Ukishusha upepo lazima uwe na namna ya kuurudisha, kwa hiyo nunueni pampu ya umeme, ila siyo ile inayochomekwa kwenye tundu la sigara. Ile inayobana moja kwa moja kwenye betri ndiyo inayomaliza tairi nne bila kuunguza fyuzi.

Mkienda kukagua gari, msilijaribu mjini. Likuteni injini ikiwa baridi. Mwambieni muuzaji mapema asiliwashe. Inueni kiti cha mbele. Ndiyo, injini ya Noah hii inakaa chini ya kiti, rejeta iko mbele kule, na kati yake kuna mabomba na hosi ndefu, na hapo ndipo ugonjwa wa kuchemsha unapoanzia. Fungueni mfuniko wa rejeta: maji yawe na rangi ya kulanti, siyo ya kutu. Yakiwa na utando wa mafuta juu, ondokeni. Ulizeni kama thamostati ipo, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wengi huitoa na kuitupa gari likianza kuchemsha, na mwenye gari anaona amepona. Kwa kweli injini inakuwa baridi muda wote bondeni, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe, rejeta iliyoziba au feni inayozunguka kivivu, bado upo unasubiri mlima.

Vuteni kijiti cha mafuta ya gia boksi: yawe mekundu. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni gia boksi inayoaga. Lala chini na tochi, angalia chesisi na mikono ya magurudumu kama imechomelewa. Halafu, na hili muuzaji akikataa basi hakuna biashara, pakieni watu sita mpandishe Marangu. Kutoka Moshi ni zaidi ya mita 900 za kupanda ndani ya kilomita 40 hivi, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kila unapopanda mita elfu. Mshale wa joto ukipanda nusu ukatulia, sawa. Ukiendelea kupanda, mmeokoa milioni 25. Kwenye kushuka msikilize breki.

Tukizungumzia kushuka: wengi huogopa kupanda, ilhali gari lililojaa huua wakati wa kurudi, watu wamelala nyuma na dereva miguu inamuuma. Kushuka Lushoto hadi Mombo, au Chome hadi Same, weka gia ndogo kabla ya mteremko, siyo katikati yake. Kwenye Noah ya automatiki zima kitufe cha O/D, ile gia ya juu kabisa, na pakiwa wima zaidi shusha kwenye 2, hata L. Injini italia kwa sauti. Iache ilie, hiyo ndiyo breki yako. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, acha zipoe, rudia. Anayekanyaga kidogo kidogo mfululizo ndiye anayezichemsha. Na kuchemka hapa si lugha ya picha. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishakunywa kiwango chake kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa povu la mvuke, mvuke unabanika, na pedali inazama mpaka sakafuni bila kushika kitu. Yabadilisheni yote kila miaka miwili, na wekeni DOT 4, ambayo ni 230 mapya na 155 yaliyochakaa. Zinachanganyika bila shida. Pedali ikianza kuwa laini njiani, pigapiga upesi kuirudisha, ingia gia ya chini kabisa, tafuta pa kusimama, mpe gari nusu saa. Kumwagia maji diski ya moto ni kuipinda au kuipasua.

Kuna jambo jingine ambalo wauza magari hawalijui kwa sababu si watembea mlima: gari lenu litakaa peke yake. Mnaliacha Momella Ijumaa asubuhi, mnarudi Jumapili mchana, na kazi yake kubwa ni kuwaka. Taa ndogo ya ndani ya wati 5 inakula kama ampea 0.4. Zidisha kwa saa 54: karibu ampea-saa 22. Betri ya ampea-saa 45 ambayo imeshazeeka imekwisha. Kabla ya kuondoka mtu mmoja azunguke gari lote, milango yote, afunike taa ya dari kwa kiganja aone kama imezimika kweli. Kifaa cha kufuatilia gari na alamu hula kidogo kidogo. Ikiwa betri ni changa hamtaona, ikiwa ya miaka minne mtaona. Nunueni tesita ya bei rahisi: betri iliyotulia usiku kucha isome volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4.

Noah ya automatiki haisukumwi ikawaka, kwa hiyo nyaya za kubusti ziwe nene na ziwe ndani ya gari. Utaratibu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili chanya ya betri nzima, nyeusi hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu cheche ya mwisho ikirukia gesi inayotoka kwenye betri italipuka usoni. Gari zima liwake dakika tano ndipo lile lingine lijaribu.

Kuegesha nako kuna adabu zake. Geuzeni gari liangalie njia ya kutokea wakati bado mna nguvu. Msiliache juu ya nyasi kavu ndefu. Eksozi imetoka safarini na moto, na nyasi zinashika. Weka P na jiwe nyuma ya gurudumu. Handibreki iachie kama ni siku tatu za unyevu, maana viatu vya breki hung'ang'ania ngoma. Usibakize chakula ndani, nyani wa Momella ni mafundi wa madirisha. Na wakati wa mvua msiegeshe kwenye mkondo hata kama umekauka na ni tambarare nzuri. Desemba 2023 tope la Hanang lilishuka mpaka Katesh na kubeba vitu vizito kuliko Noah.

Vya kufunga? Vichache kuliko mlivyofikiria. Kinga ya chuma chini ya injini, milimita 3, yenye matundu ya kupitisha hewa na ya kumwagia oili. Spea tairi ya saizi ile ile. Mbao mbili za mti mgumu za mita 1.2, ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kukalia jeki kwenye udongo laini, chepe lenye mpini mfupi, kamba pana ya nailoni ya mita 8 au 9 na pingu zake za chuma. Chujio la hewa la akiba, fani belti, hosi ya juu ya rejeta, fyuzi, lita moja ya oili, lita tano za maji ya rejeta. Kizima moto na pembetatu mbili mtakuwa navyo kwa ajili ya trafiki. Taa za juu za kumulika, rimu pana, madigadi ya plastiki: ni pesa ya buti mpya za watu sita.

Mkikwama, na mtakwama Chome siku moja, achia mafuta mara tu gari linapoacha kusogea. Kila sekunde ya kuzungusha magurudumu inachimba kaburi. Watu wote washuke, mizigo ishuke, upepo hadi 20, chimbeni mbele ya magurudumu yote manne mpaka pawe na mteremko wa kupandia, siyo ukuta. Inua gurudumu lililozama kwa jeki juu ya ule ubao, pitisha mbao chini yake, shusha. Usukani unyooke. Toka kwa gia ya 2, taratibu, na ukitoka usisimame kuwashukuru wenzako mpaka ufike kwenye ardhi ngumu. Kamba ikifungwa, ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, kamwe isifungwe kwenye bampa, na hakuna anayesimama karibu nayo kwa umbali wa urefu wake mara moja na nusu. Kamba iliyokatika na pingu yake ni kombeo.

Haya, Lengai. Mkikodi Land Cruiser msiulize bei tu. Ulizeni spea tairi ni ngapi, ziwe mbili. Angalieni kama ina shokapu nzima kwa kuisukuma kona ya bodi: ikinesa zaidi ya mara moja na nusu, zimekwisha, na yale mawimbi ya barabara ya Natron yatazimaliza kabisa. Jazeni tanki Mto wa Mbu. Kwenda na kurudi kutoka pale ni kama kilomita 240 za gia nzito. Pigeni hesabu ya kilomita 5 kwa lita, hiyo ni 48, kisha ongezeni theluthi. Mkononi muwe na pesa kwa ajili ya mageti ya ushuru njiani. Korongo likiwa na maji, mtu avuke kwanza kwa miguu na fimbo. Yakipita nusu ya gurudumu, kaeni chini mnywe chai, makorongo ya kule hushuka ndani ya saa moja au mbili baada ya mvua kukatika. Chujio la hewa likung'utwe mkifika Ngare Sero, lipulizwe kutoka ndani kwenda nje.

Mlima ule unapandwa usiku kwa sababu ya jua, mnaanza saa tano au sita, mnarudi hemani saa nne asubuhi mkiwa hamjalala. Kuna makundi yanayopakia na kuondoka saa sita mchana ili yawahi Jumatatu kazini. Nyinyi msifanye hivyo. Dereva ni yule ambaye hakupanda, na kama wote mmepanda, hakuna gari linaloondoka mpaka kesho yake.

Zile IST mbili msiziuze. Watembea masafa hawarudi walikotokea: ukipanda Kilimanjaro kwa Machame unashukia Mweka, ukipanda Rongai unashukia Marangu, na ukitembea kutoka Lushoto hadi Mtae, Noah yako iko Lushoto inakusubiri bure. Siku ya kuondoka pelekeni IST moja mwisho wa njia, dereva wake arudi na Noah mwanzoni. Funguo mbili za IST zitembee na watu wawili tofauti, moja kwa kila mtu, tena ndani ya begi dogo la mwilini, kwa sababu mabegi makubwa hubebwa na wapagazi na wapagazi hufika kwa saa zao.

Mwisho, namba zenu zitakuwa za njano, za gari binafsi. Kuchangiana mafuta ninyi sita ni jambo lenu. Ila mkianza kutangaza nafasi mbili zilizobaki kwa bei ya kichwa, hapo mmeshakuwa biashara ya abiria, mnatakiwa leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi inaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Andikeni pia karatasi moja nyinyi sita, hata kwa mkono: gari ni la nani kwenye kadi, anayejitoa analipwaje, na nani anashika ufunguo katikati ya wiki.